Ng'ombe wa Ushahidi

Mlio ulipanda ngazi kabla ya mwenyewe. Ulikuwa mrefu na mzito, ukapinda mwishoni kama swali, na ulitikisa uso wa chai yangu. Hapa mjini Kitengela, ng'ombe kulia si habari. Mifugo hukatiza barabara zetu ikitafuta nyasi na madereva hupiga honi mpaka wachoke. Lakini ng'ombe wa kupita hulia akipita. Huyu alikuwa amesimama, palepale chini ya dirisha la ofisi, na alirudia.

Mhariri hakuinua kichwa. "Funga dirisha," aliniambia.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la nafaka la mama mmoja Msomali, na humo ndimo tulimotengenezea jarida la fasihi simulizi. Mhariri alikuwa profesa mstaafu, mama mwenye sauti ya chini na masharti magumu. Makala ilipofika aliondoa jina la mwandishi, akaondoa shukrani kwa mke na kwa shemeji, kisha majina yote akayafungia kwenye droo ambayo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake, pale wengine wanapovaa msalaba. Mwandishi asijue nani anamhakiki, wala mhakiki asijue anamhakiki nani. Mimi nilikuwa msaidizi wake, mwandishi wa riwaya moja iliyosomwa zaidi na jamaa zangu, na wahakiki walipoadimika alinipa makala nisome. Nilisoma kwa moyo wote. Nilikuwa na imani kwamba sentensi mbaya ni sawa na maji yaliyomwagwa wakati wa kiangazi.

Majuma machache kabla ya mlio huo nilipewa makala kuhusu nyimbo ambazo wanawake wa Kimaasai huwaimbia ng'ombe wakiwakamua. Mwandishi alidai kwamba ndani ya ubeti mna vituo vya kimya, na kwamba vituo hivyo si vya mwimbaji kuvuta pumzi. Ni nafasi ya ng'ombe. Hapo ndipo anapojibu. Dai zuri namna hiyo, halafu asiandike hata mstari mmoja wa kulithibitisha! Alilipita tu, kama mtu aliyetaja kwamba jua huchomoza. Nilikasirika. Nikaandika: "Dai hili halina ushahidi. Yaelekea mwandishi hajawahi kusimama karibu na ng'ombe."

Ile sentensi ya pili niliipenda mno. Mhariri aliniuliza kama kweli inahitajika, nikamjibu kwamba hiyo ndiyo moyo wa ripoti. Akaipeleka ripoti kwa mwandishi.

Sasa hodi ilipigwa. Aliingia mtu mzima mwenye koti la suti na kofia, viatu vimejaa vumbi, mkononi kipande cha kamba. Alitusalimu kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili. Akauliza habari za nyumbani kwa mhariri, za mvua, za watu wetu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alipomaliza za afya, aliingia kwenye za kazi.

"Mimi ndiye niliandika ile makala ya nyimbo za kukamua."

Mhariri aliinua mkono. "Mwalimu, tafadhali usiseme."

"Nimeshasema."

Nilianza kusoma kalenda ya ukutani kwa makini.

"Prof, sikuja kugombana," alisema akiketi. "Mwezi ujao niko na intavyu pale chuoni kwetu Kajiado, ya kuwa mhadhiri mwandamizi. Bila hii makala, nafasi inaenda kwa kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuandika marejeleo. Na vile ana adabu, atakuwa ananisalimia vizuri kila asubuhi. Hiyo ndiyo sitaweza."

"Basi andika utetezi wako, uutume."

"Nimeuleta. Ako huko chini."

Utetezi ulilia tena.

"Nimetoka naye Kajiado kwa pikapu," alisema. "Huyo mhakiki aje hapa dirishani. Mimi nitasimama na ng'ombe nikiangalia barabara, sitageuka. Akishasikia, naenda zangu."

"Mhakiki hatajwi, Mwalimu. Wala hasemwi yuko wapi."

"Ni mtu wa mjini, hiyo najua. Aliandika hivi: mwandishi hajawahi kusimama karibu na ng'ombe."

"Yaelekea," nilisema. "Aliandika yaelekea."

Mhariri alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Huyu ndiye huchapa ripoti," alisema. Ilikuwa kweli, nilizichapa zote.

"Anachapa vizuri," mzee alisema. "Tena ana kumbukumbu."

Nilidhani mhariri atamfukuza. Badala yake alikwenda dirishani, akalifungua na kulivuta pazia. "Ushahidi sitaukataa kwa sababu umekuja na kwato," alisema. "Shuka, Mwalimu. Hapa juu atasikia anayepaswa kusikia."

Alishuka. Mhariri alinivuta kwa mkono nyuma ya pazia na kunionya nisichungulie. Kwa hiyo yaliyofuata niliyapata kwa masikio tu. Kwanza nilimsikia mama wa duka.

"Mzee, huyu ni wa kuuza?"

"Ni wa ushahidi."

"Kesi gani?"

"Ya uongo kwenye jarida."

"Nani alidanganya?"

"Wanasema ni mimi."

"Pole. Na ukishindwa, utamuuza?"

Mzee alianza kuimba. Sauti yake ilipanda juu kuliko nilivyotarajia, nyembamba, sauti aliyoipokea kwa mwanamke fulani na hakuibadilisha. Vijana wa bodaboda walicheka.

"Mzee, hiyo si ya akina mama?"

"Na wewe ulilelewa na nani?" aliuliza, akaendelea palepale alipoachia.

Kituo cha kwanza kilifika. Alinyamaza. Lori la mawe ya machimbo lilipiga honi, na ng'ombe akalijibu lori kwa nguvu zake zote. Barabara nzima ilicheka. Mhariri aliuma mdomo. Nilimsikia mzee akimwambia ng'ombe polepole, "Si huyo, mama. Si huyo."

Akarudia kutoka mwanzo. Safari hii, alipofika kwenye kimya, palikuwa na kimya kweli. Hata vijana walinyamaza. Ng'ombe akajibu. Haukuwa ule mlio wa kwanza. Ulikuwa wa chini, mfupi, umewekwa mahali pake kama kikombe kwenye kisahani, na kabla haujaisha sauti ya mzee ilishuka juu yake na kuendelea na ubeti. Kituo kingine, vivyo hivyo. Na kingine. Nilisimama nyuma ya pazia la ofisi machozi yakinitoka, na kwa mara ya kwanza sikutafuta neno la kuyaelezea.

"Ikubali," nilimnong'oneza mhariri. "Nitaandika ripoti mpya sasa hivi."

"Huandiki chochote. Ulipomhukumu hukumjua. Ulikosea, lakini ulikosea kihalali. Sasa unamjua, na unalia. Umeshatoka kwenye makala hii."

"Lakini yuko sahihi."

"Mhakiki mwingine ataliona hilo kwenye karatasi. Ng'ombe hachapishwi."

Mzee alirudi akitweta, kofia mkononi.

"Mwalimu," mhariri alimwambia, "kwa nini hukuyaandika hayo?"

"Yapi?"

"Jinsi sauti yake inavyobadilika. Jinsi unavyoingia kabla hajamaliza."

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Prof, nani hajui hayo? Kwetu nikiyaandika watasema nimezeeka."

"Basi mwandikie mtu ambaye hajawahi kusimama karibu na ng'ombe." Akamsogezea kiti na karatasi. "Hapa, leo. Itapata msomaji mpya, bila jina lako, na itasomwa kabla ya intavyu. Kama itapita, hilo sijui."

"Na yule wa kwanza?"

"Ameondolewa."

Mzee alikuna kidevu. "Msimwonee. Ameniudhi, lakini alinisoma mpaka mwisho. Pale chuoni hakuna aliyevuka kichwa cha makala." Kisha akainama na kuanza kuandika, midomo ikicheza, akinyamaza kila baada ya maneno machache kama mtu anayesubiri jibu.

Nilisogea kuona ameanzaje.

"Wewe toka," mhariri aliniambia. "Mwandishi anaandika na wewe una maoni."

Nilichukua mkoba wangu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni mzee aliposema, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi:

"Kijana, ng'ombe ako peke yake huko chini. Enda usimame karibu naye."

Niligeuka nimwambie kitu. Mhariri alikuwa ameshaniwahi. Alinisukuma kwa upole mpaka kwenye ngazi, akafunga mlango nyuma yangu.