Bibi Harusi wa Ukutani

Babu yangu alinunua gazeti mara moja tu maishani mwake, na gazeti hilo limetuendesha ukoo mzima mpaka juzi.

Alilinunua Masasi, siku mama yangu alipozaliwa pale hospitali ya Mkomaindo. Alikuwa na furaha asiyojua aifanyie nini, akaona watu wa heshima wameshika magazeti, naye akanunua lake. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha bibi akamsomea kwa sauti, maana bibi hakwenda shule. Waliporudi kwetu Chilangala, kurasa za ndani akazisokotea tumbaku moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Karatasi ya nje, yenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akaibandika sebuleni kwa uji mzito wa muhogo. Ule uji ungeweza kushikilia bati.

Mimi nilijifunzia kusoma pale ukutani, ndiyo maana habari za siku ile nazijua kuliko za leo. SUKARI KUPATIKANA KARIBUNI. Mpaka leo kwetu mtu akikuahidi kitu huku anatazama pembeni, unamwambia hiyo ni sukari ya ukutani. FUNDI AJENGA NYUMBA, ASAHAU MLANGO. Yeye mwenyewe alikuwa ndani alipogundua. CHUI AONEKANA, WANANCHI WATAKIWA KUWA WATULIVU. Nilidhani chui huyo bado yupo, hivyo kila nilipotumwa chooni jioni nilikuwa mtulivu huku natimua mbio.

Lakini habari kubwa, yenye herufi nene kama vidole vya babu, ilikuwa hii: BIBI HARUSI AGOMA KUSHUKA GARINI. Huko mkoa mmoja wenye ukame, bibi harusi alifikishwa mbele ya nyumba ya mumewe, akafunga mlango wa gari kwa ndani, akasema hashuki mpaka bwana harusi amjibu swali moja mbele ya watu. Bwana harusi akasogea dirishani. Bibi harusi akafungua mdomo. Inaendelea uk. 2.

Na ukurasa wa pili, kila aliyewahi kushika gazeti anajua, uko mgongoni mwa ule wa kwanza. Wa kwetu ulikuwa umetazama udongo.

Pale hospitalini babu alifika kwenye "uk. 2" muda wa kuona wagonjwa ukaisha, akatolewa nje na wageni wengine. Kabla hajatoka walikuwa wameshaanza kubishana. Babu alisema swali ni la wanawake wengine. Bibi alisema ni la maji. Kule juu kwetu kisima kilikuwa bondeni, unashuka na ndoo tupu unaimba na kupanda na ndoo kichwani huna hata pumzi ya kusalimia. "Mwanamke wa nchi kavu atauliza nini kingine?" Kesho yake alipomtaka majibu, babu akasema hajapata nafasi ya kusoma. Wiki iliyofuata gazeti lilikuwa ukutani.

Wakabishana miaka yote ya ndoa yao. Kubandua karatasi kulitaka ndoo nzima ya kulowanisha, na babu hakukubali. "Maji yangu yamwagwe kwa ajili ya harusi ya watu?" Na kweli yalikuwa yake, kwa sababu babu alikuwa mwanamume pekee kijijini aliyefuata maji bondeni. Alifunga madumu mawili kwenye baiskeli, akashuka nayo, akapanda anaisukuma. Wanaume wenzake walimcheka, wakasema amelishwa limbwata. Yeye alijibu kwamba anajaribu breki. Kila siku, masika na kiangazi, anajaribu breki.

Huku nyuma bibi harusi wa ukutani alishageuka mila. Mama yangu alipoolewa na baba, mtu wa Nanganga, gari hapakuwa, basi akagoma kushuka kwenye baiskeli. Kwa kuwa hakuna aliyejua swali lenyewe, kila bibi harusi wa kwetu alitunga lake. Mama alimuuliza baba leo ni siku gani, na baba, kwa woga, akakosea. Wazee wa Nanganga walimvuta mjomba pembeni kuuliza jambo hili limetoka wapi. Mjomba, ambaye ndiye kaka wa mama na ndiye msemaji wa mambo yetu yote, alikohoa akasema, "Ndiyo mila yetu, tumeirithi." Simlaumu. Angesema tumeirithi kwenye karatasi ya tumbaku?

Babu alifariki akiwa hajakubali kushindwa. Mwaka huu korosho zilimkubali mjomba, akasimamisha nyumba ya tofali pembeni, na ile ya udongo ikapangiwa kubomolewa. Bibi akanipigia simu niliko, Masasi mjini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu," maana ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake. "Njoo kabla hawajauvunja ukuta. Macho yananiacha, na pumzi nayo itaniacha. Siwezi kwenda kumkuta babu yako sijui yule mwanamke aliuliza nini. Atanicheka huko."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka, nikaona aibu. Kesho yake nilikuwa Chilangala.

Bomba lilikuwa halijatoa maji siku ya tatu. Ndani ilibaki ndoo moja. Bibi akaisukuma kwangu kwa mguu. Nikalowanisha karatasi kwa kitambaa, nikangoja, nikalowanisha tena, nikaingiza kisu cha mezani taratibu huku mjomba akinielekeza kama daktari ambaye hajawahi kupasua mtu. Ndoo ilipokauka, karatasi ilinijia mikononi nzima, na udongo wake. Nikaigeuza, nikaipangusa, nikavaa miwani.

Nusu ya ukurasa ilikuwa imeliwa na uji. Nusu iliyobaki nilimsomea bibi kwa sauti, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Bibi harusi alisema: "Nataka aniambie mbele ya watu, maji tutateka kwa zamu, au nitateka peke yangu?" Bwana harusi akauliza, "Ndoo iko wapi?" Ndipo bibi harusi akafungua mlango.

"Nangu!" bibi akapiga kelele, maana Chimakonde humtoka akipandwa na kitu. "Mimi! Mimi nilisema! Yuko wapi sasa huyo mbishi?" Akapiga makofi, akamtaka mjomba akiri, mjomba akakiri ingawa hakuwa amebishana na mtu.

Mimi nilikuwa bado natazama karatasi. Chini ya maneno "peke yangu" palikuwa na mstari wa penseli, umekandamizwa mpaka karibu utoboe.

Nikamwambia bibi. Akaomba nimshike kidole nikipitishe juu ya mstari, nikakipitisha, akarudia mwenyewe mara ya pili.

"Alisoma," akasema.

"Alisoma, bibi. Kabla hajabandika."

"Mwongo mkubwa yule." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga na hakujificha. Kisha akamwamuru mjomba kwamba karatasi ibandikwe nyumba mpya, ukurasa wa pili ndio uwe nje. Mjomba akauliza na ule wa kwanza je. "Huo tumeshausoma," bibi akasema. "Pikeni uji."

Uji unataka maji, na maji niliyamaliza mimi. Nikajikuta nauliza ndoo iko wapi. Bibi akasema nichukue madumu, yako nyuma, kwenye baiskeli ya babu yako.

Niliitoa ile baiskeli, nikajaza matairi upepo, nikafunga madumu, nikaanza kushuka bondeni. Hatua chache tu nikabana usukani na hapakuwa na cha kubana. Nikasimama kwa kuingia kwenye mkorosho. Nilipomuuliza mjomba breki zilitoka lini, akanishangaa. Tangu azaliwe, alisema, baiskeli ile haijawahi kuwa na breki.