Kikombe cha Magadi

Leo asubuhi nimekamulia limau kwenye unga wa magadi. Povu lilipofoka hadi ukingoni mwa kikombe, nikaisikia tena hofu ya siku ile ya utotoni.

Nilikuwa nimekula karanga mbichi, tumbo likavimba. Mke mpya wa baba, aliyetujia kutoka Nzega na sanduku moja la bati, alichota magadi aliyokuwa akilainishia mboga ya mlenda, akatia maji na limau. Kikombe kikachemka bila moto. Jirani alikwisha kuniambia kwamba mama wa kambo hatibu, anamaliza. Nikafumba mdomo.

“Kunywa, mwanangu.”

“Onja wewe kwanza.”

Kwetu, anayemkaribisha mgeni pombe hupiga yeye funda la kwanza, kuondoa hofu ya sumu. Mtoto hamwambii mama yake hivyo. Alinitazama, akanywa nusu nzima, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. Tangu hapo kila alichonipa, hata uji, alikionja mbele yangu. Wala sikumwambia aache.

Sasa yeye ndiye aliyelala, kiungulia kinamchoma. Nimemsogezea kikombe. Ameliangalia povu, kisha akaniangalia mimi.

Nimeonja.