Nguo ya Kipimo

Dukani kwangu Kilwa Masoko, ndani ya kabati la kioo, limekuwa likining'inia miaka yote gauni la pamba, samawati iliyopauka, mikono mifupi, kola ya duara. Halina shanga wala utepe. Pembeni yake kuna makoti ya satini na majoho ya velveti yenye mabega kama ya simba marara, kwa hiyo kila mteja lazima aniulize hilo la pamba linafanya nini humo. Najibu kwamba ni la kazi, kisha namuuliza yeye amefuata nini.

Mimi nashona nguo za wanamuziki, za kuvaa jukwaani. Usiniletee suruali nikupunguzie mguu, nitakuelekeza kwa jirani. Kazi hii niliianza na koti la mpiga gitaa wa bendi moja ya Kitomanga, aliyetaka aonekane hata na mtu wa nyuma kabisa. Nikaokota CD zilizoharibika, nikazikata kwa mkasi wa bati, nikazitoboa kwa msumari wa moto, nikazishona mgongo mzima. Alipopanda jukwaani kule Likawage, taa za jenereta zikampiga, watu wa mbele wakajiziba macho. Koti lilikuwa zito kama gunia la korosho, na wimbo wa tatu ulimkuta hoi, lakini tangu hapo sijakosa kazi. Nimeshona hata joho lenye mkia wa tausi, la mwimbaji aliyealikwa Songo Songo. Mkia ukalowa kwenye boti, rangi ikachuja, mwenzangu akaimba na miguu ya kijani. Alinisema wiki nzima. Nikamwambia mimi nilishona joho la jukwaani, habari za boti hakunipa.

Nacheka sasa, lakini katika yote hayo kuna mtu mmoja tu niliyekuwa nikimshonea kwa moyo wangu wote.

Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha taarabu cha Kivinje. Alikuja dukani na shangazi yake, akasimama mlangoni, akanisalimu, akasema, "Kaka fundi, nataka nikisimama nisifanane na mtu yeyote." Nilikuwa na chaki mkononi, nikaibana vidoleni mpaka ikavunjika.

Kwetu fundi mwanamume hamzungushii futi mwanamke wa watu. Unaletewa nguo yake inayomkaa vizuri, unaitandika mezani, unachukua kipimo humo. Kazi ikiisha, unazirudisha zote mbili kwao kwa mkono wako, mpya na ya kipimo. Unakaribishwa barazani, unapewa chai, wazee wanakutazama. Kama fundi hajaoa, kila mtu anajua chai ile ni zaidi ya chai. Shangazi aliponikabidhi lile gauni la pamba alisema, "Tutakutegemea nyumbani siku ya kuleta." Nikaitikia in shaa Allah.

Nilimshonea gauni la zambarau, mikono ya tabaka saba, shanga kutoka shingoni hadi pindoni. Kila shanga niliifunga fundo lake, ili moja ikikatika zisimwagike zote. Lilipokwisha, niliogopa. Nilijiona kijana wa cherehani moja, nitasema nini mbele ya wazee wale? Halafu nikafikiri kwa akili yangu fupi: nikirudisha nguo ya kipimo, atakuwa na sababu gani ya kuja tena kwangu? Shangazi alipopita sokoni nikampa gauni jipya, nikamwambia hili lingine nabaki nalo kidogo, kazi bado zipo. Akanitazama, akapokea, akaenda zake. Nilijiona mjanja.

Haukupita muda kikundi kikubwa cha Dar kilimchukua. Akaolewa hukohuko. Lakini nguo zake za jukwaani aliendelea kuniagiza mimi, kwa simu. Akitaja rangi, mimi natandika gauni la pamba mezani, nakata, nashona, napeleka kwa basi. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza kama mwili wake umebadilika. Fundi gani anafanya hivyo? Mwanagenzi wa wiki ya kwanza angeuliza. Mimi sikutaka kujua. Mezani kwangu alikuwa bado yule aliyesimama mlangoni, na nilimkumbuka hivyo kila siku, hata siku zisizokuwa na kazi yake.

Wiki iliyopita akanipigia. Tukasalimiana, tukaulizana hali. Akasema binti yake ameanza kuimba, anataka gauni la zambarau kama lile la kwanza.

"Nitumie nguo yake ya kipimo," nikamwambia.

"Unayo wewe, kaka fundi. Mwili wake ni ule ule wangu wa zamani. Mimi magauni yako huwa nampa fundi wa huku ayafumue ubavuni, tangu nilipojifungua."

Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema hakuona haja ya kunisumbua. Kisha akacheka, kicheko cha mtu anayesema jambo lililokwisha kupoa.

"Ile nguo niliichagua mwenyewe, unajua? Ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikafagia uwanja siku tatu mfululizo, najua utaileta. Shangazi akarudi na gauni jipya peke yake. Akaniambia, mwanangu, fundi hana habari na wewe."

Nilitaka kujibu. Nikasema mtandao unasumbua. Akasema haya, msalimie kila mtu, tutazungumza. Simu ikakatika nami nimeishika sikioni bado. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka mteja mmoja akachungulia na kuondoka bila kupiga hodi.

Gauni la binti nimelimaliza. Mikono ya tabaka saba, shanga kila moja na fundo lake. Kisha nikafungua kabati la kioo, nikalitoa la pamba, nikalifua kwa sabuni ya kipande, nikalianika kivulini, nikalipiga pasi taratibu kwenye kola. Kondakta wa basi la Dar, anayenichukulia mizigo siku zote, alinyoosha mkono apokee. Nikamwambia leo sitoi mzigo, nikatie tiketi.

Najua ana mume, na nyumba ya watu naiheshimu. Nitabisha hodi, nitasalimu wote, wakinikaribisha chai nitakunywa. Nakwenda kurudisha nguo ya kipimo, kwa mkono wangu. Nimeipakata.