Weka Kazi Moja kwa Moja

Mtoto alipofikisha miezi mitatu nilirudi kazini, ila nikiwa chumbani kwangu Vingunguti. Wenzangu, vijana wanaotengeneza programu za simu, walikuwa ofisini Mikocheni. Kazi yangu ni kujaribu wanachotengeneza kabla hakijamfikia mteja. Bosi hakunificha: kazi zikilala kwangu, narudi ofisini au naacha. Na mtu wa kumwachia mtoto sina. Baba yake tusimzungumzie.

Tukawa tunajaribu programu mbili za kugawana kazi, tuchague moja. Ya kwanza ina taa ya kijani inayoonyesha nani yupo mtandaoni. Bosi aliipenda. Mie niliichukia, nikinyonyesha taa inazimika, naonekana nimelala. Ya pili haina taa. Unaandika kazi kwenye kadi, mwenzako anaichukua akipata nafasi. Nikasema hii ndiyo yangu.

Kumbe wenzangu wana adabu zao. Kadi ya kwanza niliyofungua imeandikwa "Mambo dada." Basi. Nikajibu poa, nikasubiri. Kijana aliyeiandika ameshaenda kula chipsi. Anarudi, anauliza mtoto hajambo. Wakati huo mtoto anaharisha, simu sina habari nayo. Ishu yenyewe, kitufe cha malipo kinachogoma, ikaja kutajwa kesho yake. Na kwenye kikao bosi akasema kadi zinalala kwangu.

Niliwaka. Nikaandika wote wasome: "Salamu zenu zitanifukuzisha kazi. Kadi iwe na kazi. Mtanisalimia siku mkija kumwona mtoto."

Hakuna aliyekuwa amekuja kumwona mtoto, na hawakuja.

Lakini walinisikia. Kadi zikaanza kuja zimenyooka: nini kimegoma, kwenye simu gani, kinatakiwa lini. Mtoto akisinzia, mie namaliza. Bosi akachagua ile isiyo na taa, nikabaki na kazi yangu.

Ikaja wiki ya mvua. Jirani wa mlango wa pili alikuwa amekwenda kwao Lindi, na tangu asubuhi sikuwa nimetamka neno na mtu mzima yeyote. Nikafungua kadi mpya, nikaandika "Mambo", nikamtumia yule yule kijana wa salamu ya kwanza. Alijibu haraka kuliko siku zote.

"Weka kazi moja kwa moja, dada. Si ulisema mwenyewe?"

Sikuwa na kazi ya kuweka. Nikaifunga ile kadi, programu ikaiandika imekamilika.