Kompyuta Iliyokataa Kupona

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mtaani Mangobo. Umeme ulikatika ghafla, na kompyuta ya Mama Safi, mwenye duka la kuchapa, ikawa kila ikiwaka inajirekebisha tu, haifunguki. Wanafunzi walikuwa wakingojea mémoire zao za kumaliza masomo. Niliitengeneza haraka, nikaitua hapo mbele yangu kwanga yangu ya mchana, mkate wa muhogo, nzito, bado kwenye majani yake, nikaiwasha kompyuta upya kwa maringo. Ikarudi kujirekebisha! Mara tano.

“Bon, Mama, disque dur inayohifadhi kazi zote imekufa,” nikatangaza. Mwanafunzi mmoja akaanza kulia.

Mama Safi akaiondoa kwanga yangu juu ya klavye, ilikokuwa imekandamiza vitufe vya kuamuru kujirekebisha, akaiwasha mashine mwenyewe. Kompyuta ikafunguka.

“Fundi,” akaniuliza mbele ya wote, “ulikuwa unaitengeneza ao unailisha?”