Managu ya Pembeni mwa Kanola

Mama alitoka Kisii kunitembelea, akakuta nyumba yangu ya Winson Green, huku Uingereza, haina hata pa kupanda kitunguu. Akawa anazunguka jikoni akifagia palipokwisha kufagiwa. Kutotulia nimekurithi kwake, kwa hiyo tulikuwa tunapigana vikumbo tu. Jumamosi nikamwambia apande gari twende shambani ninakofanya kazi, nje ya jiji, nikazibe bomba linalovuja kwenye mashine ya dawa.

Kazi yenyewe ni hiyo. Kanola, zao la mbegu za mafuta, ikichipua, magugu nayo yanachipua, nami napita na trekta kuyapulizia dawa kabla hayajaimeza. Mama huwaambia watu kwetu kwamba mwanawe analima Uingereza.

Nilipomaliza kuhangaika na bomba, nikamkuta ameketi garini, kimya, mfuko mapajani. Mama kutulia ni jambo la kushukuru. Sikuuliza kitu, nikawasha gari.

Nyumbani nikaoga. Niliposhuka, ugali ulikuwa mezani na managu, mboga ya kwetu ambayo huku ni gugu tu, yanatoa mvuke, na sahani yake imefika nusu.

"Kula, baba," akasema. Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. "Wameyaacha pembeni mwa shamba hivi hivi, hakuna anayeyachuma."

Pembeni mwa shamba ndipo nilipopulizia jana yake. Dawa ile haina haraka: jani hubaki bichi, linapendeza kabisa, siku kadhaa kabla ya kunyauka. Nikamnyang'anya sahani, nikamwambia ni mimi niliyeyapulizia. Kwetu humnyang'anyi mama chakula.

Nikapiga simu ya ushauri wa hospitali. Muuguzi akaniuliza jina la dawa, nikalitaja bila kufikiri. Akasema anywe maji, nimwangalie, akitapika nimkimbize. Basi nikawa natoka sebuleni naingia jikoni, natoka jikoni naingia sebuleni. Tumbo je? Kichwa je? Unaona vizuri?

"Tumbo ni langu," mama akasema, "lakini anayeumwa ni wewe. Kaa chini."

Niliogopa jamani, sikatai. Lakini hakuumwa. Jumapili aliimba kanisani kuwashinda wanakwaya, nikajua yamekwisha.

Jumatatu nikamletea sukuma wiki kutoka duka la Hockley, mtaa wa jirani, fungu zuri. Akaligeuza, akalinusa.

"Hii nayo imepuliziwa na nani?"

"Sijui, mama."

"Lakini kuna mtu."

"Kuna mtu."

Akaliweka kando. Tangu siku hiyo alikula ugali kwa maziwa, kila siku, mama yangu ambaye bila mboga husema hajala. Nilinunua kabichi, nikanunua mchicha, nikaosha mbele yake mpaka vidole vikaganda. Akanishukuru, akamimina maziwa.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, alinishika mkono.

"Kule wananiuliza kila siku, nawaambia unalima," akasema. "Sasa nikifika niwaambie nini?"

Nikalivuta sanduku lake, nikalisimamisha kwenye mstari. Halafu nikalivuta tena, nikalisimamisha pale pale.