Senti Zangu Ndani ya Kikapu cha Sadaka

Mimi ndiye ninayewakemea wanawake wa kijiji chetu cha Ihembe, nikiwaambia kwamba fedha unayompa Mungu haipotei, inakungoja mbinguni. Sasa sikilizeni nilichofanya Jumapili iliyopita.

Nilikuwa nimeuza kahawa. Senti zangu zenye matundu nilizitunga kwenye kamba ya mgomba, kama tufanyavyo wote, nikaja nazo kanisani. Zilikuwa za kununulia blanketi, maana baridi ya huku haihurumii mifupa ya bibi kama mimi. Kikapu cha sadaka kilipofika, nikafungua fundo nichomoe senti moja tu. Kamba ikakatika, zote zikamwagika kikapuni kwa kishindo.

“Mama ametoa zote!” akasema mkwe wangu Koku, akapiga vigelegele. Wanawake wakampokea.

Ningenyamaza, ningeitwa mtakatifu. Lakini niliwaza blanketi, nikatumbukiza mkono kikapuni. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nikihubiri mbingu kwa senti za wenzangu.

Mzee wa kanisa akaniinamia. “Mama, unaongeza?”

“Napunguza,” nikamjibu, na sauti yangu haijui kunong’ona. Vigelegele vikakatika.